Nyumba ya Mwaka 1467

Brugge, Ubelgiji, Jumapili, 20 Mei 1984

Kaka Arseen,

Jumatano tarehe 16 Mei, saa kumi na dakika ishirini alasiri, nilinyang'anywa beji yangu ya kutembeza wageni, baada ya miaka kumi na mitatu. Nimelitanguliza hilo mbele ya salamu kwa sababu nakujua: ukishiba salamu huwa husomi zaidi.

Sasa salamu. Mimi ni mzima. Mgongo wa Roger unamsumbua lakini baiskeli hajaacha, na binti yetu Greet amejifungua mtoto wa pili, msichana, kilo tatu na gramu mia nne. Kaburi la baba na mama nimelipalilia kwa ajili ya Pentekoste. Msalimie wifi Irma.

Njia yangu unaijua, uliifuata mwaka 1977 ulipokuja likizo: vituo kumi na vitatu, saa mbili na dakika kumi, hatua elfu tatu mia tisa na arobaini kutoka chini ya mnara wa sokoni mpaka lango la ua wa masista. Kituo cha tisa ni Nyumba ya Paka Mweupe. Nilikuwa nawasimamisha wageni ng'ambo ya mfereji, nainua mwavuli, nawaonyesha vile vyuma vinne vikubwa vinavyoshika ukuta, kila kimoja kimefuliwa kwa umbo la tarakimu. "Haya, someni nami," nasema, na wote wanaitikia, hata Wajapani: moja, nne, sita, saba. Kisha nawaeleza kwamba Wajerumani walipolipua daraja mwaka 1944 ukuta ulipasuka, vyuma vikashushwa, na miaka minne baadaye mwashi wa mtaa huu alivipandisha tena kwa mikono yake. Mwashi huyo ni Kamiel Hoste, baba yangu. Hapo huwa wanapiga makofi.

Jumamosi tarehe 5 Mei nilikuwa na watu ishirini na sita. Tukasoma moja, nne, sita, saba. Mzee mmoja wa Roeselare akanyoosha kidole kama mtoto wa shule.

"Bibi, unisamehe, mimi ni mwalimu mstaafu, huu ni ugonjwa wa kazi. Nina kadi ya posta hapa ya mwaka 1908. Nyumba ni hii hii, kabla mmea mtambaazi haujafunika ukuta. Hebu nisomee, miwani yangu imechoka."

Hakuwa na haja ya miwani. Alitaka nisome mimi. Kwenye kadi, Arseen, vyuma vinasomeka 1647.

Nikasema labda mpiga picha alikosea. Mzee akasema taratibu, "Picha haikosei mpangilio, bibi. Mwenye kupanga ndiye hukosea." Mama mmoja wa Gent, mnene, mwenye ice cream mkononi, akasema, "Basi tusome upya, jamani. Pamoja!" Wakasoma upya, watu ishirini na sita, wakicheka: moja, sita, nne, saba. Nilibaki nimeinua mwavuli kama mti. Vituo vinne vilivyobaki nilivimaliza kwa dakika ishirini na mbili. Kawaida ni arobaini.

Mzee yule aliandika barua kwa chama chetu cha watembeza wageni, na mwenyekiti, Bibi Ryckewaert, akaniita. Kijitabu cha matembezi nilikiandika mimi na kina huo mwaka 1467 ukurasa wa tisa, katika chapa zote sita. Waliniuliza maswali manne. Matatu niliyajibu.

Wewe ndiye uliyekuwa chini ya jukwaa la ujenzi siku baba anavipandisha, Agosti 1948. Ulikuwa na miaka kumi na saba, mimi kumi. Vile vyuma vilipandishwaje? Nijibu hilo tu. Na usinipigie simu. Kwenye simu unakohoa mpaka dakika zinaisha.

Dada yako,
Godelieve

*

Delhi, Ontario, Kanada, 2 Julai 1984

Mdogo wangu mpendwa Godelieve,

Barua yako ilifika ikatukuta sote salama, isipokuwa goti la Irma, ambalo daktari anasema litapasuliwa wakati wa baridi. Hongereni kwa mtoto. Irma amemfumia kofia, itakuja kwa posta ya meli. Sisi tulipata jalidi, umande ulioganda, tarehe 3 Juni, hebu fikiria, Juni, ikaunguza ekari sita za miche ya tumbaku na tukapanda upya. Ndiyo maana nimechelewa. Klabu yetu ya Wafleming imepaka rangi ukumbi, na mashindano ya kurusha mishale nimekuwa wa tatu. Mzee Desmet wa kule Oedelem amefariki, unamkumbuka, yule wa njiwa. Watu walijaa. Walipika kitoweo cha sungura na bia, kama nyumbani, ila bia ya huku haina mambo.

Kuhusu beji nimesikitika sana. Wewe hukuokota kazi hiyo njiani. Uliacha shule na miaka kumi na minne, ukafua mashuka ya hospitali, ukajifunza Kiingereza kwa kufagia vyumba vya wageni. Waambie hivyo.

Kuhusu vile vyuma, ni zamani, mdogo wangu. Vita viliharibu kumbukumbu za wengi. Nionavyo mimi, waambie kwamba mhunzi ndiye aliyechanganya alipovisugua kutu. Yule mhunzi wa Sint-Anna amekufa na hakuacha watoto, haitamuumiza mtu. Watu wa chama wanataka sababu, si ukweli. Wakipata sababu watakurudishia.

Na baba mwache alale.

Picha ya wajukuu nimeiweka ndani. Huyo mwenye meno mawili ni Kevin.

Kaka yako,
Arseen

*

Brugge, 15 Julai 1984

Kaka Arseen,

Sisi wazima, joto ni kali, mifereji inanuka, wageni wamejaa na mimi nawatazama kutoka dirishani. Kevin anafanana na baba, maskini.

Barua yako ina mistari sitini na miwili. Inayohusu vyuma ni saba, na yote saba ni uongo. Hakukuwa na mhunzi. Vyuma vilisuguliwa na mama na mimi uani kwetu kwa mchanga na siki, na mimi ndiye niliyesugua ile sita. Nina kovu.

Nikuambie ninavyoishi. Nikienda buchani kununua soseji, muuza nyama ananiuliza, "Za mwaka gani, Godelieve? Za leo au za 1467?" Watu kwenye foleni wanaangalia viatu vyao. Mhudumu wa mkahawa wa pale sokoni, ambako watembeza wageni tunakunywa kahawa, aliniletea bili ya sitini na nne akaniambia, "Au niisome arobaini na sita?" Nilicheka. Nilicheka, Arseen, na nikaenda nyumbani nikavua viatu nikakaa jikoni na koti langu mpaka Roger akaniuliza kama natoka au ndiyo narudi.

Nimepiga hesabu. Miaka kumi na mitatu, matembezi mia mbili na kumi na mawili kwa mwaka, watu ishirini kwa wastani. Ni watu elfu hamsini na tano, mia moja na ishirini. Wote niliwasomesha kwa sauti.

Chama kimenipa nafasi moja. Msimu ukiisha, Jumatatu tarehe 14 Januari saa tisa alasiri, nitasimama mbele ya kamati nieleze ule mwaka ulitoka wapi. Wakiridhika, beji inarudi. Wasiporidhika jina langu linafutwa, na katika mji huu aliyefutwa na chama hapati hata kundi la wanafunzi wa chekechea.

Kwa hiyo nakuuliza jambo ambalo katika nyumba yetu halikuwahi kuulizwa. Baba alijua kusoma?

Nimekuwa nikiyapanga. Ripoti zangu za shule zilitiwa sahihi na mama siku zote. Gazeti alilishika, lakini kiko kilikuwa kinazimika mdomoni na ukurasa haugeuzwi. Kwa kichwa alikokotoa tofali za ukuta mzima kabla karani hajatoa kalamu, lakini kipimo chake kilikuwa fimbo yenye mikato, si futi ya namba. Na ile fomu ya hospitali alipokuwa anakufa, mwaka 1966, nilimpa kalamu akaniambia mkono unatetemeka. Mkono haukutetemeka.

Nadhani nilijua. Sikutaka kujua kwamba najua. Mimi ndiye niliyekuwa nasema mbele ya makundi, "Baba yangu alisoma ukuta kama wengine wanavyosoma kitabu," na wanapiga makofi.

Kama hakujua kusoma, alipangaje tarakimu nne peke yake? Na wewe ulikuwa unafanya nini pale chini?

Godelieve

*

Delhi, 30 Septemba 1984

Mdogo wangu Godelieve,

Salamu kutoka kwetu wote. Mavuno yamekwisha, banda la mwisho la kukaushia tulilifunga juzi. Irma hajambo. Mvua kidogo. Nimeianza barua hii mara nne na zile tatu nimezitia kwenye jiko, kwa hiyo hii itaondoka hata kama ni mbaya.

Hakujua kusoma. Alipelekwa kwenye kiwanda cha matofali na miaka minane, wakati huo hakuna sheria ya kumlazimisha mtoto shule. Mama alijua, mimi nilijua tangu nina miaka kumi na miwili. Wewe peke yako ndiye hukuambiwa, kwa sababu ulikuwa unakuja na vitabu vyako unamwonyesha, na alipenda ulivyokuwa unamwonyesha.

Sasa mimi. Nilipokuwa na miaka kumi na minne mwalimu wetu alikuja nyumbani, kofia mkononi, akasema nimepatiwa nafasi chuo cha ualimu, parokia italipa yote. Baba akamcheka. Akasema, "Bwana mwalimu, herufi hazibebi tofali." Mwalimu akasema, "Lakini Bwana Hoste, mtoto ana kichwa." Baba akasema, "Na mabega pia anayo." Kesho yake alfajiri nikawa nakoroga chokaa. Miaka mitatu nilikoroga chokaa na sikumwambia neno, na kila siku nilikuwa namtafutia siku yake.

Karatasi ya mpangilio nilikuwa nayo mimi. Niliandika 1647 mwenyewe siku viliposhushwa, nikaihifadhi. Agosti 1948 yeye alikuwa juu, mimi chini na kamba. Nikamfungia moja, akaivuta, akaipachika. Kisha nikafunga nne.

Akauliza kutoka juu, "Hiki ndicho?"

Nikasema, "Ndicho, baba."

Nikafunga sita. Akauliza tena, "Una hakika?"

Nikamjibu, "Mimi ndiye niliyesoma, au siyo?" Aliniangalia kidogo. Kisha akavuta kamba.

Haikuwa bahati mbaya, Godelieve. Nilitaka mtaa mzima utoke jioni uone na umcheke. Nilikaa darajani mpaka saa moja nikingoja kicheko. Akapita shemasi, akainua macho, akasema, "Kumbe ni ya kale hivi." Akapita mke wa mwokaji mikate, hakuinua hata macho. Hakucheka mtu. Wiki mbili baadaye gazeti likaandika, halafu halmashauri ikaleta barua ya shukrani, na mama akaisoma mezani kwa sauti.

Mwaka 1977 ulipowasomesha watu pale ng'ambo ya maji, mimi niliitikia pamoja nao. Moja, nne, sita, saba. Ulikuwa unang'aa. Nilikunywa bia tano siku hiyo, ukasema Kanada imeniharibu.

Sasa unajua. Nakuomba usiyapeleke mbele ya kamati. Huku mimi ni mwenyekiti wa klabu, watu wanatoka Brugge kila majira ya joto, habari itafika kabla sijala chakula cha jioni. Nina miaka hamsini na mitatu. Tafuta sababu nyingine.

Arseen

*

Brugge, 14 Oktoba 1984

Arseen,

Sisi wazima. Kofia ya mtoto imefika, ni kubwa, atakua.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Sitakujibu leo nilivyokujibu moyoni, nitakueleza jambo lililotokea.

Jumanne nilivaa kitambaa kichwani na miwani ya jua nikajiunga nyuma ya kundi la Stijn Maertens, yule kijana aliyepewa siku zangu. Watu kumi na tisa, mimi wa ishirini. Nilitaka kujua sasa kituo cha tisa wanakifanyaje. Nilidhani wamekiacha. Hawakukiacha. Aliwasimamisha pale pale ninaposimama mimi, akasema, "Na hapa, mabibi na mabwana, tusome pamoja," na wakasoma, na akasema, "Uongo mtupu!" Wakaangua kicheko. Akasema kuna mama mmoja wa mji huu aliyewasimulia watu hadithi hiyo kwa miaka ishirini.

Nikasema, "Kumi na mitatu."

Haikuwa hiari yangu. Unajua namba isiyo sahihi inavyonichoma. Vichwa kumi na tisa vikageuka. Stijn akanitambua, akawa mwekundu hadi masikioni. "Bibi Godelieve," akasema, "sikujua kama upo." Nikamwambia, "Ungejua ungesema kumi na mitatu?" Nikaondoka. Nyuma yangu nikamsikia mwanamke akiuliza kwa Kifaransa kama huyo ndiye mwenyewe, na kamera ikalia. Kwa hiyo sasa mimi ni kituo, kaka. Nimo kwenye njia.

Sasa na mimi niseme, kwa kuwa wewe umesema. Swali la nne ambalo sikulijibu mbele ya kamati lilikuwa hili: kwenye mtihani wangu wa beji wa mwaka 1971, mahali pa kutaja chanzo, niliandika "daftari za kodi, hifadhi ya nyaraka ya mji". Bibi Ryckewaert alikuwa na karatasi ile mkononi. Akaniuliza, "Daftari namba ngapi?"

Sikuwahi kuingia mle, Arseen. Nilifika nje yake mara mbili. Mara ya kwanza nilimwona mtu ndani amevaa glavu nyeupe anafungua kitabu, nikaangalia mikono yangu iliyofua mashuka miaka kumi na moja, nikageuka. Mara ya pili nilifika mpaka ngazi ya tatu. Nilijiambia: mwaka umeandikwa ukutani kwa chuma, na baba yangu ndiye aliyeupachika, niende kumwuliza nani tena? Na mtihani wangu nilipata themanini na tisa kwa mia.

Ndiyo maana siwezi kusimama nikasema mimi nilidanganywa tu.

Lakini kuna jambo linaninyima usingizi. Miaka kumi na minane, kuanzia ile Agosti mpaka kifo chake, baba hakupita ule mfereji. Kwenda kanisani alizungukia soko la samaki, dakika kumi na moja zaidi, hata kwenye theluji. Nilidhani ni unyenyekevu, hataki kusifiwa. Baba alijua? Na kama alijua, aliambiwa na nani?

Usinitajie hali ya hewa.

Godelieve

*

Delhi, 2 Desemba 1984

Mdogo wangu,

Irma amepasuliwa goti, anaendelea vizuri. Nimemaliza habari za nyumbani.

Alijua. Nilimwambia mimi, na alikuwa ameshajua.

Unakumbuka Aprili 1951 yeye peke yake ndiye aliyenisindikiza bandarini Antwerpen, mama alisema hawezi. Kwenye gati alinunua mkate wa nyama tukagawana. Meli ilipopiga honi ya kwanza nikaona nikiondoka bila kusema nitakufa nalo, nikamwambia, "Baba, ile nyumba ni ya 1647. Nilikupa vyuma vibaya makusudi."

Alitafuna akamaliza. Akasema, "Mama yako alinisomea jioni ile ile."

Nikasema, "Mbona hukurekebisha?"

Akasema, "Nipande tena niseme nini? Kwamba fundi hajui nne na sita?"

Yeye akaendelea bila kuniangalia, alikuwa anatazama makreni. "Nilikuwa nimeamua kwenda alfajiri, kabla watu hawajaamka. Nimeshaiweka ngazi kwenye mkokoteni. Akaja Godelieve mbio kutoka darajani, hana pumzi. 'Baba, baba, nyumba yako ni ya kabla ya kugunduliwa Amerika, nimepiga hesabu, ni miaka ishirini na mitano kabla.' Akanishika mkono mbele ya mafundi wenzangu. Nikairudisha ngazi."

Nikasema, "Basi nisamehe."

Akasema, "Huko uendako ukiandika barua, andika mambo mazuri. Zitasomwa kwa sauti."

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nimeyafuata miaka thelathini na mitatu. Wewe unanung'unika kwamba barua zangu ni tumbaku na goti na mvua. Sikuandikia macho ya mtu, niliandikia meza yenu, na baba amekaa kichwani pa meza anasikiliza. Alipokufa nikawa sijui kuandika namna nyingine.

Fanya utakalo mbele ya kamati. Mimi sina la kuongeza.

Arseen

*

Brugge, Alhamisi, 20 Desemba 1984

Kaka Arseen,

Heri ya Noeli kwako na kwa Irma, na goti lake lipone. Roger amenunua mti uliopinda, tumeuegemeza ukutani. Mtoto wa Greet anakaa mwenyewe. Kofia sasa inamtosha.

Nakumbuka jioni ile. Nakumbuka mkono wake ulikuwa na chokaa na haukunibana. Nilidhani amechoka. Mama alisema, "Kaa ule," na tulikula uji wa maziwa ya mgando, na mimi niliendelea kuhesabu kwa sauti peke yangu mezani.

Lakini sikubali mzigo ulionikabidhi, kana kwamba furaha yangu ndiyo iliyoushika ukuta ule. Nilikuwa na miaka kumi. Furaha ya mtoto wa miaka kumi baba angeivunja akaniomba radhi kesho yake, nami ningekuwa nimesahau ifikapo Jumapili. Alichoshindwa ni kusema kwamba hajui kusoma. Ulichoshindwa wewe ni kusema ulichofanya. Nilichoshindwa mimi ni kupanda ngazi tano zilizobaki. Tusiwekeane mzigo wa mwingine, kila mmoja abebe wake. Yote mitatu inatosha.

Ngazi nimezipanda. Tarehe 10 Desemba saa tatu asubuhi niliingia kwenye hifadhi ya nyaraka. Yule mwenye glavu amestaafu. Aliyepo sasa ni msichana mwenye mafua, aliniambia tu, "Penseli, bibi, kalamu ya wino hairuhusiwi," akarudi kupenga kamasi. Basi. Nilikaa siku nne. Nyumba ya Paka Mweupe inaonekana mara ya kwanza kwenye daftari la kodi la mwaka 1648, "mpya, ya matofali". Kabla yake, kwa miaka mia mbili niliyoweza kusoma, pale palikuwa bustani ya kabichi. Kabichi, Arseen. Watu elfu hamsini na tano nimewasomesha tarehe ya kabichi.

Namba ya daftari ninayo sasa. Bibi Ryckewaert akiuliza nitamjibu.

Halmashauri imeamua vyuma vishushwe na kupangwa upya Machi, na Stijn alikuja nyumbani kunieleza kabla sijasoma gazetini. Alisimama mlangoni anazungusha kofia. Akasema, "Bibi Godelieve, ile ya miaka ishirini nimeiacha." Nikamwambia, "Uliacha uongo mmoja, bado vituo kumi na viwili." Alikunywa kahawa vikombe viwili. Aliniuliza baba alikuwa mtu wa namna gani. Nimegundua sikuwa na jibu ambalo si la kituo cha tisa.

Nimeandika karatasi ya kusoma mbele ya kamati, ukurasa mmoja na nusu. Ina mambo matatu. La kwanza, baba yangu Kamiel Hoste, mwashi, hakujua kusoma wala tarakimu, na hilo nitalisema mimi, kwa sauti, mbele ya watu saba waliosoma, ambao babu zao nao, nina hakika, wawili watatu walitia alama ya msalaba mahali pa sahihi. Sikuweza kulisema nilipokuwa na beji. La pili, mimi nilidanganya kwenye mtihani. Kwa hilo la pili peke yake wanaweza kuninyima beji daima, na Roger ananiuliza kwa nini nalitaja wakati ni Bibi Ryckewaert tu anayelikumbuka. Nalitaja kwa sababu sitaki tena kusimama mbele ya kundi nikimwogopa mtu wa mstari wa nyuma mwenye kadi mfukoni.

La tatu ni lako. Nimeacha mistari sita wazi.

Siwezi kukuandikia mistari hiyo na siwezi kukuficha. Nikisema baba hakujua kusoma nikaishia hapo, kila mtu ataelewa kwamba fundi mjinga alikosea, na hilo litaandikwa kwenye kijitabu kipya, na Stijn atalisema ng'ambo ya mfereji kwa heshima zote, na watu watamhurumia. Lakini baba hakukosea. Aliuliza. Mara mbili aliuliza, akajibiwa na mwanawe. Kwenye mistari ile sita ndipo hilo linapokaa, pamoja na jina lako, au hakuna kinachokaa.

Najua una klabu. Najua una akina Desmet wote na mashindano ya mishale. Mimi pia nina bucha, nina foleni ya bucha, na nimesimama ndani yake tangu Mei.

Sikuombi barua ndefu. Usiniletee jalidi, usiniletee Irma. Nenda posta, tuma telegramu ya neno moja, ndiyo au hapana: jina lako nilitaje? Nangoja mpaka Ijumaa tarehe 11 Januari, saa sita kamili mchana kwa saa ya huku, kwako ni saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo usingoje siku yenyewe. Usiponijibu kufikia hapo, nitaichana ile mistari, na Jumatatu baba atasimama mbele ya watu wote akiwa peke yake juu ya jukwaa, na wewe utakuwa umemfungia chuma kisicho chake mara ya pili. Ndiyo au hapana, Arseen?

Godelieve